Dalali Hayupo, Walisema

Jamani, aliyesema blokucheni, lile daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, inaondoa madalali mleteni kwangu, akalie kiti hiki usiku mmoja tu. Sina ugomvi naye. Nataka anitajie hawa wote waliojipanga kati yangu na kompyuta yangu mwenyewe ni akina nani.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kikoba cha mama watoto kimeingiwa na shetani wa kushukiana. Daftari la kaunta limefutwafutwa, kuna ukurasa umechanwa, na siku ya kikao kila mmoja anamwangalia mweka hazina kwa jicho la pembeni. Nikajitia kimbelembele: nitawaandikia programu, michango iingie kwenye Ethereum, ambayo ni blokucheni, kilichoandikwa kimeandikwa, hafuti mtu. Wakapiga vigelegele. Nami nikafungua ile skrini nyeusi ya kuchapa amri.

Kabla sijaandika neno "mchango" hata mara moja, chombo kikauliza Node iko wapi, ile programu inayoendesha msimbo wa JavaScript. Ipo. Kikasema hiyo ni mpya mno. Nikashusha toleo, kifurushi kingine, yaani kipande cha programu alichokwisha kuandika mtu mwingine, kikalalamika kwamba sasa ni la kale mno. Toleo la 17 la Node lilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji (kufunga data kwa siri), na tangu siku hiyo miradi ya zamani inakufa ikiwa bado inajengwa, imeshika mkononi ujumbe wa kosa la usimbaji. Dawa inayosambazwa na wajuzi ni kuiambia Node irudi kwenye usimbaji wa zamani. Mmeelewa hapo? Teknolojia nzima inajisifia usimbaji, na hatua yangu ya kwanza kuijenga ni kuulegeza.

Haya, vifurushi. Nimeagiza kimoja, vimekuja mamia, vinatafuna bando kana kwamba nalipiwa na serikali. Kila kimoja kimeandikwa na mtu nisiyemjua, yuko bara nisilolijua, nami napaswa kumpa ruhusa aingie hadi chumbani. Na hii ndiyo teknolojia isiyohitaji kumwamini mtu! Vingine vinashuka na maonyo mgongoni: hiki kimestaafu, hiki kina tundu la usalama. Kimoja kikagoma mpaka nikiwekee Python. Python ya nini, na mimi naandika JavaScript? Kumbe kina kipande cha lugha ya C++, na anayekijenga anaagizwa kwa Python. Dalali ana dalali wake, na dalali wa dalali anataka ya kupanda daladala.

Nikaona nitafute mwalimu kwenye video. Wote wananifundisha Truffle, chombo cha kutengenezea programu za Ethereum. Wenye Truffle, kampuni ya Consensys, walitangaza Septemba 2023 kwamba wanaifunga pamoja na Ganache, blokucheni yake ya kujaribia, wakawaelekeza watu kwenye chombo kingine, Hardhat. Video hazikupata taarifa. Kijana yumo humo bado anatabasamu, ananiambia chapa amri hii, ni rahisi sana. Rahisi kwako, mwanangu, wewe unaishi 2019.

Mwisho nikaangukia Foundry, seti nyingine ya vyombo hivyo, yenye forge, cast na anvil. Hapo nilipata raha kidogo, nisiseme uongo. Ukiwasha anvil, inakuanzishia blokucheni nzima ndani ya kompyuta yako na kukupa akaunti 10, kila moja ina Ether 10,000, sarafu ya Ethereum, ETH kwa kifupi. Mama watoto akapita nyuma yangu na beseni la nguo, akasimama.

"Baba watoto, hizo hela za nani?"

"Zangu."

"Zote?"

"Mpaka nifunge hili dirisha."

Akaondoka bila kusema neno. Nilimsikia huko uani akimsimulia mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba akakumbuka kwamba kodi inaisha mwezi huu. Basi ikabidi nitoke nje kumweleza kwamba funguo za siri za akaunti zile zinafahamika dunia nzima, zinatokana na maneno yaleyale kwa kila anayewasha chombo hicho, na ukituma hela ya kweli huko kuna maroboti yanaikwapua kabla hujapepesa. Akanisikiliza vizuri sana. Kisha akasema yeye hata za M-Pesa anapokea.

Turudi ndani. Blokucheni imewaka, inasikiliza mlango 8545. Programu yangu, iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo, inabisha hodi mlango huohuo, inajibiwa muunganisho umekataliwa. Nodi, yaani programu inayoiendesha hiyo blokucheni (si Node ile ya mwanzo), hii hapa, naiona kwa macho! Kumbe kuna kisa. Ukiandika "localhost", jina la kompyuta yako mwenyewe, Node za siku hizi zinaweza kwenda kwanza kwenye anwani ya mtindo mpya wa IPv6, ile ya nukta pacha mbili na moja, wakati nodi imekaa kwenye anwani ya zamani, 127.0.0.1. Wamelala kitanda kimoja, hawaonani. Ukifuta jina ukaweka namba, wanakumbatiana. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo kwenye ujumbe wa kosa. Ujumbe wa kosa kazi yake ni kukujulisha kwamba umekasirika.

Halafu umeme ukakatika. Sitaki kuuzungumzia umeme. Uliporudi nikawasha nodi tena, na nodi hii ikizimwa hivihivi inasahau kila kitu: inaanza uumbaji upya kutoka bloku namba 0. Pochi ya kwenye kivinjari, programu inayotunza funguo za akaunti na kutuma miamala, haijasahau. Yenyewe inakumbuka kwamba akaunti hii ilishatuma miamala kadhaa, kwa hiyo inatuma wa sasa ukiwa na nonsi ya juu, ile namba ya zamu. Nodi inashangaa: mimi nilitegemea 0, wewe umetoka wapi? Mmoja amesahau yote, mwingine hasahau kitu, nami niko katikati nasuluhisha. Lazima uende kwenye mipangilio ya pochi ukafute kumbukumbu za shughuli, ndipo wapatane. Na mimi ndiye niliyewaahidi akina mama kwamba huku hakifutiki kitu.

Tukaja kwenye majaribio ya mkataba wenyewe, yaani ile programu ya kikoba inayokaa kwenye blokucheni. Jaribio limefeli. Kwa nini? "Muamala umerudishwa." Umerudishwa na nani, kwa kosa gani? Kimya. Kumbe forge, chombo cha Foundry cha kujaribia mikataba, ina utaratibu wake wa kuongea, unaupandisha kwa herufi v. V mbili inakutolea maandishi uliyoyaweka mwenyewe. V tatu inakufuatilia nyayo za jaribio lililofeli. V nne inakuonyesha na yaliyofaulu. V tano inamwaga kila kitu mpaka maandalizi. Nimeishi mjini miaka mingi, najua kwamba ofisini maneno huongezeka kadiri unavyoongeza kitu, ila sikutegemea kuyakuta kwenye kompyuta.

V zikanisaidia, lakini nilipoongeza taarifa za mwanachama, yaani jina, simu, mchango, deni, faini ya kuchelewa na faini ya kusengenya (iko kwenye katiba yao, msiniulize), kompaila (kitafsiri cha msimbo) ya Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hii, ikasema rafu ya kupangia data imekuwa ndefu mno. Mashine ya Ethereum inafikia vitu 16 tu kutoka juu, ukizidisha haioni. Mashine ya dunia nzima, iliyowashwa tangu Julai 2015, inashindwa na faini za kikoba cha wanawake wa mtaa mmoja! Kuna swichi ya kuikompaili kwa njia nyingine, tatizo likaisha. Inachukua muda. Chai imechemka, imenywewa, vikombe vimeoshwa, bado inakompaili.

Haya, twende kwenye mtandao wa majaribio, ambako hela ni za bure. Za bure! Mitandao hii wameipa majina ya vituo vya treni: Ropsten na Rinkeby vya Stockholm, Kovan cha Singapore, Goerli cha Berlin, na vyote vinne vimeshafungwa. Ukijenga hapa unaambiwa kituo kimehamia Sepolia, Athens huko. Wakiishiwa majina, Mbezi Luis ipo.

Hela za majaribio zinatolewa kwenye bomba. Nikafika bombani na ndoo yangu. Bomba likaniambia, ili tukupe hela ya bandia, tuonyeshe kwanza kwamba una ETH kidogo ya kweli kwenye mtandao mkuu, tujue wewe si roboti. Nikasoma tena polepole. Nimeambiwa nithibitishe utajiri ili nipewe karatasi. Hata benki hazijafika huko, nyie.

Tena huingii mtandaoni hivihivi. Ni ama uendeshe nodi yako mwenyewe, ambayo diski yangu haina ubavu nayo, ama ujisajili kwa mtoa nodi akupe ufunguo, akupangie na idadi ya maswali kwa sekunde. Ukizidisha anakunyamazia. Huyo sasa ni nani kama si dalali? Wala si manung'uniko yangu peke yangu. Novemba 11, 2020, mtoa nodi Infura alipozimika kwa saa kadhaa, Binance, soko la sarafu za kidijitali, ikasimamisha kwa muda watu kutoa Ether zao. Mnyororo wa bloku usio na kiti cha enzi, na kiti kiko kwa Infura.

Hata hivyo mkataba umepanda. Unafanya kazi, nimeujaribu. Kilichobaki kilikuwa kumfungulia mweka hazina pochi yake. Nikamkalisha, nikamweleza taratibu: haya ni maneno 12, yamechaguliwa kwenye orodha ya maneno 2,048. Mwenye nayo ndiye mwenye pochi, na ukiyapoteza hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Dada, yatunze sana. Akaniitikia kwa heshima zote, "Sawa shemeji, nimekuelewa."

Na kweli ameyatunza. Ameyaandika kwenye daftari la kaunta, ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, akayasoma kwa sauti kwenye kikao cha Jumapili ili kila mwanachama anakili na yasije yakapotea. Katibu ameingiza kwenye kumbukumbu za kikao. Wajumbe wote waliafiki.