Chuo au mkataba: goti nalo lihesabiwe
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba kijana wa mpira wa kikapu wa hapa Mombasa akichagua chuo cha Marekani badala ya mkataba wa kulipwa, atakuwa anacheza bure. Dai hilo lilikuwa na uzito kabla ya Julai 2021, wachezaji wa vyuo waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, ingawa viza ya mwanafunzi bado humbana mgeni. Asilolitaja ni majeraha: pale Makande mimi huwaona vijana wakifanya mazoezi goti limefungwa bendeji, na kanuni za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani) haziruhusu ufadhili wa masomo ukatwe katikati ya muda wake kwa sababu ya jeraha, ilhali sina hakika hata kidogo kama mikataba ya kulipwa inampa mchezaji kinga hiyo. Je, yupo mzazi hapa aliyekisoma kipengele cha majeraha kabla ya mwanawe kutia saini?