bc ni sahihi, ila usahihi wake lazima uuombe

Andika kwenye terminali `echo '100000*1.01^12' | bc`, yaani shilingi laki moja yenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi, mwaka mzima. Jibu linalotoka ni 112000.00, wakati jibu la kweli ni 112682.50. Shilingi 682 na senti 50 zimepotea, wala hakuna onyo lililotolewa. Na hii bc ndiyo programu ya hesabu ya mstari wa amri inayosifiwa kwa kukokotoa namba za urefu wowote bila kukosea.

Sifa hiyo inaistahili. bc ilitoka Bell Labs katika miaka ya 1970, kazi ya Lorinda Cherry na Robert Morris, na hadi leo inafanya kile ambacho zana nyingi za mstari wa amri haziwezi. Kwenye shell ya Bash, `echo $((9223372036854775807+1))` hurudisha namba hasi kwa sababu biti 64 zimejaa. Ukiiambia awk, zana ya kuchakata maandishi, ikokotoe 2^53+1, itakupa 9007199254740992, pungufu ya moja. Bc itakupa 9007199254740993. Python nayo haina shida na namba kamili kubwa, lakini tangu toleo la 3.11 hugoma kuchapisha namba yenye tarakimu zaidi ya 4300 mpaka ulegeze kikomo. 2^20000 ina tarakimu 6021, na bc huzimwaga zote bila neno. Hata kerneli (kiini) ya Linux, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2013, hutumia bc wakati wa kujengwa kukokotoa vigezo vya kugeuza vipimo vya muda.

Basi zile shilingi 682 zilikwenda wapi? Zilimezwa na `scale`, kigezo kinachoamua desimali ngapi zibaki. Usipokigusa ni 0. Katika kujumlisha na kutoa hakuna kinachopotea. Katika kugawanya, jibu hubaki na desimali za `scale` tu, kwa hiyo 10/3 ni 3. Kuzidisha na vipeo ndiko kwenye mtego: bc haiongezi desimali kupita `scale` au kupita zile za namba ulizoiandikia, ipi iliyo kubwa. 1.01 ina desimali mbili, hivyo 1.12682503... ikakatwa ikawa 1.12, kisha ndipo ikazidishwa kwa laki moja. Tanguliza `scale=10;` na jibu linakuwa 112682.5030100000.

Angalia pia neno "ikakatwa". bc hukata tu, haikadirii. Chukua ankara ya Kenya ya shilingi 1234.55 na VAT ya asilimia 16: `1234.55*.16` inatoa 197.52, ilhali kodi halisi ni 197.528, yaani 197.53. Senti moja kwa ankara moja ni ndogo, lakini kwenye skripti inayopitia maelfu ya ankara kosa hili huelekea upande mmoja siku zote, halifidiani. Dawa yake ni kitendakazi hiki:

```
define r(x){
auto s
if(x<0)x=x-.01
x=x+.005
s=scale
scale=2
x=x/1
scale=s
return(x)
}
```

Kisha weka `scale=10` na uite `r(1234.55*.16)`.

Wanaopendelea moduli ya `decimal` ya Python wana hoja nzito hapa: ukadiriaji umo ndani tayari, na unauchagua kwa jina, kama `ROUND_HALF_UP`. Kwa hesabu za fedha zitakazosomwa na mkaguzi, ninakubaliana nao kabisa. Lakini kwa namba kamili ndefu ndani ya skripti ya shell, au kugeuza vizio vya namba (kama kutoka kumi kwenda kumi na sita), sioni sababu ya kuiacha bc.

Kwenye vizio, herufi ziwe kubwa (`FF`, kwani `ff` ni jina la kigezo, thamani yake 0), na `obase`, kizio cha jibu, itangulie `ibase`, kizio cha namba unazoandika. Ukishaweka `ibase=16`, kuandika `ibase=10` hakukurudishi popote, kwani hiyo 10 nayo inasomwa kama kumi na sita. Andika `ibase=A`.

Chaguo la `-l` huweka `scale` kuwa 20, jambo linalofaa kwa sine na logi, lakini huharibu baki: `10%3` inakuwa .00000000000000000001. Rudisha `scale=0` kabla ya kutafuta baki.

La mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi. Ukigawanya kwa sifuri, bc ya GNU (toleo la mradi wa GNU) huandika kosa kwenye mkondo wa makosa, kisha hutoka na hali 0 kana kwamba mambo ni shwari. `x=$(echo '5/0' | bc)` inakuachia `x` tupu, na skripti inaendelea na safari. Chini ya kila mstari wa namna hiyo weka `[ -n "$x" ] || exit 1`.