Mkoko Ukipewa Haki, Nani Atausemea?

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Hasara yao ilihesabiwa kwa samaki waliokosa kuvuliwa. Mikoko iliyoharibika pale nayo ilitajwa kesini, lakini kama mali iliyopotea. Haikuwa mdai, wala sheria ya Kenya haijaipa nafasi ya kuwa mdai.

Ekuador walichukua njia nyingine. Katiba yao ya 2008 inayapa mazingira yenyewe haki ya kuwepo, na ibara ya 72 inayapa haki ya kurejeshwa hali yake, mbali na fidia wanayodai watu. Nchi hiyo ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya mikoko kwa mabwawa ya kufugia kamba. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilibatilisha hukumu iliyompa ushindi mwenye bwawa lililokuwa ndani ya hifadhi ya mikoko ya Cayapas-Mataje, kwa kuwa majaji wa chini walipima haki yake ya mali na wakasahau kabisa haki za msitu. Septemba 2021 mahakama hiyohiyo ikatamka wazi kwamba mikoko ina haki zake.

Hapo ndipo ninapoona faida. Mlangoni mwa mahakama hatukwami sana: ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya humruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya mazingira bila kuthibitisha kwamba ameumia. Kinachobadilika ni swali la jaji. Badala ya kuuliza nani amepata hasara ya kiasi gani, atauliza msitu umepungukiwa na nini na nani ataurudishia. Mvuvi akishalipwa, msitu bado unadai.

Lakini tusiisifu Ekuador kupita kiasi. Oktoba 2008, mwezi uleule katiba ilipoanza kutumika, Rais Rafael Correa alitia saini amri ya kuwawezesha wenye mabwawa yaliyojengwa mikokoni kinyume cha sheria kuyahalalisha, kwa sharti la kupanda miti upya katika sehemu tu ya eneo. Kamba ni fedha za kigeni, na serikali inayozitafuta hufanya hesabu zake.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, iko hapa nyumbani. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, mkataji wa boriti (nguzo za mikoko za kujengea) wa Lamu alifungiwa riziki, ilhali yeye hakuleta mashine ya kuchimba bandari. Mti ukiandikiwa haki, yeye ndiye mtu rahisi kukamatwa: anaonekana, ana shoka mkononi, hana wakili. Kampuni huja na kibali.

Kwa hiyo ubishi wa kama mti unaweza kuwa "mtu" mbele ya sheria naona unatuchelewesha. Kampuni nayo si mtu, na hushtaki kila siku. La kubishania ni mlezi, yaani nani atausemea msitu mahakamani. Mkataji huyo wa boriti anazijua aina za mikoko: mkandaa na muia vinavyotofautiana, na wapi mchu umeacha kuota. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakitunza hekta 117 tangu 2013 na kuuza hewa ukaa (hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao huihifadhi), na mapato yameingia kwenye maji na shule. Ekuador nako, tangu takriban mwaka 2000, jamii za wavua kaa na waokota chaza hupewa mikataba ya kulinda na kutumia mikoko yao.

Sheria itakayowaandika watu kama hao kuwa wasemaji wa msitu, na kusema wazi kwamba kukata boriti kwa kiasi si kuuvunjia mkoko haki, ningeiunga mkono. Ikimwandika ofisa wa wizara peke yake, tutakuwa tumerudi 1932.