Tui limekatika: mgeni ana haki gani chini ya posti yako?

Chukua mfano huu. Mtu ameposti picha ya samaki wa kupaka aliyempika mwenyewe, na maelezo yake ni maneno mawili tu: "Leo kwetu." Chini yake mtu asiyemjua anaandika: "Tui limekatika hilo." Ukiitazama picha vizuri, kweli limekatika, mafuta yanaelea juu na nazi imejikusanya vidonge vidonge. Mgeni huyu amekosa adabu, au amesema kweli?

Mabishano ya namna hii huzunguka kauli mbili zilezile. Umeweka hadharani, vumilia. Hapa ni kwangu, hujaombwa. Ya kwanza inaifanya posti kuwa soko, ya pili inaifanya chumba cha kulala, na zote zinakosea. Posti ya wazi inafanana zaidi na baraza ya nyumba za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, lile benchi la mawe lililojengwa nje ya mlango. Mpita njia huketi pale na kuzungumza na mwenye nyumba. Lakini kuketi barazani hakumpi ruhusa ya kuulizia yaliyomo ndani, na mwenye nyumba akiinuka kwenda kulala, mazungumzo yamekwisha hata kama mgeni alikuwa na la kuongeza.

Kwa kipimo hicho, "tui limekatika" imo barazani, maana inahusu kilichoonyeshwa. "Ndiyo maana umenenepa" imevuka kizingiti, kwa kuwa posti ilikuwa ya samaki. Wala lugha ya heshima haibadilishi kitu. "Samahani dada yangu, usinielewe vibaya, ila umenenepa" ina samahani, ina dada, na bado imeingia ndani na viatu.

Hata hivyo komenti ya tui haijawa nzuri kwa sababu tu ni ya kweli. Mpishi ana macho. Tui lake kaliona. Mwenye ujuzi wa kweli angeandika hivi: "Tui zito litie mwisho, moto uwe mdogo, koroga bila kuacha. Likichemka kwa nguvu linakatika, na ndimu nyingi ikitangulia vilevile." Hapo mtu amepewa kitu cha kuondoka nacho. Na kabla hata ya hapo, asome maelezo ya picha. "Leo kwetu" haiombi somo, "Jamani nimekosea wapi?" inaliomba. Kosa lisilomdhuru mtu, nami sina ushauri, ningeliacha lipite. Lakini mtu akiposti kwamba mtoto aliyeungua apakwe dawa ya meno, adabu ni kusema, tena palepale hadharani: dawa ya meno hapana, jeraha limwagiwe maji ya bomba ya ubaridi wa kawaida, yasiwe ya barafu, kwa dakika 20. Hapo humwandikii mwenye posti peke yake. Unamwandikia mama mwingine atakayeipita posti hiyo usiku akiwa na mtoto anayelia.

Upande wa "vumilia" una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Julai 2015, siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama, CNN iliielezea Kenya kama kitovu cha ugaidi. Wakenya kwenye Twitter waliijibu kwa maelfu, watu ambao CNN haikuwajua wala kuwaomba maoni, na Agosti mkuu mmoja wa shirika hilo alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Kama adabu ingekuwa kungoja kukaribishwa, wasingesema kitu. Mteja anayelalamika chini ya ukurasa wa kampuni yuko katika hali hiyohiyo: aliandika inboksi, hakujibiwa, akaja mbele ya watu. Huyo hakuvamia mtu.

Kwa viongozi kipimo ni kikali zaidi. Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lindke dhidi ya Freed. Freed alikuwa meneja wa mji wa Port Huron, Michigan. Lindke ni mkazi aliyekuwa akimkosoa kwenye Facebook, komenti zake zikafutwa, kisha akapigwa bloku. Mahakama ilisema ofisa huhesabiwa anatenda kwa niaba ya serikali pale anapokuwa na mamlaka halisi ya kuisemea na kwenye posti hiyo anaonekana kuyatumia. Halafu ikagusa jambo la kiufundi ambalo wengi hulipita: kufuta komenti hupimwa kwa posti moja, ila bloku humfungia mtu ukurasa mzima, pamoja na zile posti za kazi. Kwa hiyo ofisa anayechanganya picha za wanawe na matangazo ya maji kwenye akaunti moja amejifunga mwenyewe. Dawa yake ni akaunti mbili. Uamuzi huo haulazimishi mahakama za kwetu, lakini mantiki yake inahama vizuri.

Upande wa pili nao una hoja ambayo anayekomenti haioni kwa sababu ya mahali alipokaa. Yeye anaona komenti moja, yake. Mwenye posti anaona zote. "Naomba namba" ikija peke yake ni kero ndogo. Zikija thelathini chini ya picha ya mahafali, mahafali yenyewe yamezama. Ndiyo maana "lakini mimi niliandika kwa nia njema" haimalizi ugomvi: nia ni ya mmoja, mzigo ni wa jumla.

Basi afanye nini mwenye posti? Vifaa vipo, tatizo ni watu kuvitumia bila kujua kila kimoja kinafanya nini. Kuficha jibu kwenye X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, hakulifuti; msomaji akibonyeza alama ya majibu yaliyofichwa analikuta. Kufunga majibu, uwezo uliofunguliwa kwa wote Agosti 2020, huhamishia ugomvi kwenye nukuu, yaani posti ya mtu mwingine iliyobeba yako ndani yake. Hapo mgeni anakusema mbele ya wafuasi wake, nawe huna kitufe cha kuificha nukuu hiyo. Bloku ya X nayo si ile ya zamani: tangu Novemba 2024 uliyempiga bloku bado anasoma posti zako za wazi, ila hawezi kuzijibu. Asiyetaka kusomwa naye inabidi aifanye akaunti nzima kuwa ya faragha.

Instagram wana kifaa cha upole zaidi, kile cha kumwekea mtu vizuizi bila kumpiga bloku, kilichoanza 2019. Komenti yake mpya kwenye posti zako anaiona yeye peke yake mpaka uiidhinishe, ujumbe wake unaangukia kwenye maombi, na hajui kama umeusoma. Hiki ndicho cha kumtumia shemeji, ambaye bloku yake ingeitisha kikao cha ukoo. Kwa mvua ya wageni upo mpangilio wa kubana kwa muda wale wasiokufuata au waliokufuata juzi tu. Ulizinduliwa Agosti 2021, mwezi mmoja baada ya wachezaji weusi wa Uingereza waliokosa penalti kwenye fainali ya Euro kumiminiwa matusi ya rangi. Matusi ya aina hiyo huja kwa wimbi, na mengi hutoka kwa watu waliokuja kwa siku hiyo tu.

Chujio la maneno ndilo linalowaangusha Waswahili wengi. Ukiandika "mjinga" kwenye orodha ya maneno yaliyozuiwa, chujio linaloshika neno zima litamkamata mjinga na kuwaacha wajinga, ujinga, kijinga na kaujinga, kwa sababu lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno. Vitenzi ndiyo balaa: umenenepa, unanenepa, ulivyonenepa, mbona kunenepa. Kila umbo liandikwe peke yake, likitengwa kwa mkato, na tahajia za mtaani ziongezwe, yaani "mj1nga" na wenzake. Chujio linaloshika kipande cha neno nalo lina hasara yake. Kuna tusi la herufi nne lililojificha ndani ya "sukuma" na "kumaliza". Ukilizuia kwa kipande, umemzuia na muuza sukuma wiki. Emoji nazo huingia kwenye orodha, jambo ambalo wengi hawalijui.

Kujibu kuna gharama yake. Mitandao hii hupandisha komenti yenye majibu mengi, hivyo kumjibu mtukanaji ni kumpandisha jukwaani. Instagram inakuruhusu kubandika komenti tatu juu ya zote. Bandika tatu za maana, ile mbaya ishuke yenyewe. Tusi lifute mapema. Ukosoaji uache, maana ukiufuta utarudi ukiwa picha ya skrini, na maelezo yake utawekewa na mtu mwingine.

Sheria je? Ipo, na ni nzito. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinagusa uonevu mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kenya, kwa kifungu cha 27 cha sheria yake ya 2018, iliweka hadi shilingi milioni 20 au miaka 10. Kwa anayetishiwa au kuandamwa, ni kinga. Kwa aliyekosolewa tu, ni rungu: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria ya nchi hiyo ya 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa kilibana uhuru wa kusema. Anayefikiria kwenda polisi apige picha ya skrini kabla ya bloku, ionyeshe jina la akaunti lenye alama ya @ (jina la juu hubadilishwa kwa sekunde) na tarehe, na anakili kiungo cha komenti yenyewe.

Inabaki inboksi, ambayo si baraza tena, ni mlango. Kwetu hodi hupigwa mara tatu, na kimya baada ya hapo ni jibu. Mtandaoni tatu ni nyingi, maana kila moja inabaki imeandikwa pale. Na kosa linaloudhi zaidi ni lile la adabu nusu: mgeni anatuma "Mambo", anangoja, anatuma "Upo?", anangoja. Anadhani anafuata desturi ya salamu kwanza. Lakini mlangoni sauti au sura yako hukutambulisha. Kwenye inboksi "Mambo" ni mtu anayebisha gizani bila kusema ni nani. Weka salamu, jina, na shida yako katika ujumbe mmoja: "Habari dada, naitwa fulani, nimeona samaki wako, ungependa kuniuzia sahani mbili Ijumaa?" Huo unajibika kwa neno moja, na usipojibiwa, uache ulivyo.