Tembea Kwanza, Mabega Baadaye

Harusi ya kwanza ya Kieritrea niliyoalikwa, hapa Nairobi, nilijiaibisha. Ngoma ilipolia tu nikaanza kutikisa mabega kwa fujo, kama nilivyozoea kuona kwenye video. Mama mmoja wa makamo akanishika kiwiko, akaniingiza kwenye duara na kunionyesha miguu yake. "Polepole, mwanangu. Tembea kwanza."

Tangu siku hiyo hunikera kusikia mtu akitaja "ngoma ya Kihabeshi", yaani ya watu wa Ethiopia na Eritrea, kana kwamba ni moja. Iskista, ile inayosifika kwa mabega, hasa ni ya Waamhara wa Ethiopia. Watigrinya wa nyanda za juu za Eritrea, na ndugu zao wa Tigray ng'ambo ya mpaka, upande wa Ethiopia, wana guayla. Watu huzunguka kinyume na mwendo wa saa, wakiburuta miguu kuifuata kebero, ngoma yenye nyuso mbili inayoning'inizwa begani. Mapigo yake huenda kwa matano, si manne, kwa hiyo mdundo unachechemea. Mgeni hujikuta mguu uko hewani ilhali wenzake wameshatua. Mara wanasimama, wanageukiana, na hapo ndipo mabega yanapopata zamu yake. Kisha duara tena. Na tena. Ukiniambia inachosha nitajua uliondoka mapema, maana mwishoni kebero hukaza mwendo, magoti yanakunjwa, watu wanaruka na vigelegele vinapasua ukumbi.

(Noti zilipoanza kubandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, nilijihisi nyumbani. Watu wa taarabu, si ndiko kutunza huko?)

Lugha nayo imeonewa vivyo hivyo. Kwa kuwa Kitigrinya na Kiamhari huandikwa kwa herufi zilezile za Ge'ez, lugha ya kale ya huko, wengi hudhani ni kitu kimoja. Tega sikio: Kitigrinya bado kina zile sauti za kooni, mfano wa ha na ayn za Kiarabu, ambazo Kiamhari kilishaziacha. Na sisi tuliozoea "hujambo" ya kila mtu, tuna kazi: mwanamume husalimiwa "kemey aleka", mwanamke "kemey aleki".

Yule mama nilikutana naye tena wiki kadhaa baadaye, dukani. Nikajitutumua: "Kemey aleka!" Alicheka hadi akaegemea kaunta, akaniuliza kama angalau miguu bado ninaikumbuka.