Acheni Kulicheka Difu la COPO

Jumamosi niliondoka kijiweni chai yangu ikiwa bado inafuka. Kijana mmoja alikuwa anatuonyesha kwenye simu Chevrolet Camaro COPO (yaani ya oda maalumu ya kiwanda) ya mwaka 2012, gari lililoundwa kiwandani kwa ajili ya mbio za dragi tu, zile za kuchomoka na kunyoosha moja kwa moja, na benchi zima likaangua kicheko. Gari la mashindano lina difu kama la Hiace! Gia zenyewe mbili! "Ya kizamani hii, kaka," akaniambia. Pale sikumjibu, maana nilikuwa nimeshapandisha. Namjibu hapa.

Kwenye Camaro ya kawaida ya miaka ile, sehemu ya nyuma ilikuwa inajitegemea, kila tairi likipanda na kushuka kivyake. Chevrolet walikuwa nayo tayari, imeshalipiwa. Wakaitoa, wakafunga ekseli ya kipande kimoja, ndiyo hilo difu la Hiace mnalolicheka. Kiwanda kikubwa namna ile hakiingii gharama ya kurudi nyuma bila sababu.

Sababu niliiona kwa macho yangu Usambara, miaka mingi kabla sijajua COPO ni nini. Mvua imenyesha, tuko kwenye mlima, Hilux haina mzigo. Matairi ya nyuma yanazunguka, gari linayumba palepale. Dereva hakugusa kitu kwenye injini. Alitupandisha bodi abiria wote, akatubana mwisho kabisa, juu ya difu, akatuamuru tusisogee. Gari likauma tope na kuondoka. Injini ileile, matairi yaleyale.

Mbio za dragi ni mlima ule ule, umelazwa chini ukawa robo maili. Gari linapochomoka, uzito unakimbilia nyuma, na mbunifu ana kazi moja kubwa: uzito ule ufike kwenye lami wote. Nyuma inayojitegemea ikibonyea, matairi hubadili pembe, na sehemu ya mpira inayogusa lami inapungua wakati unapoihitaji kuliko wakati wowote. Ekseli ya kipande kimoja haiyumbi hivyo. Matairi yanabaki wima, yanakaa bapa, yanakanyaga. Tena kule kwenye kujitegemea kila upande una shafti yenye jointi zake, na fundi yeyote anayesoma hapa anajua jointi inafanywa nini na nguvu inayokuja kwa pigo moja. Raha ya kona na ya barabara mbovu imetolewa sadaka, na ni sawa, kwa sababu robo maili haina kona. Ndiyo maana nasema ni ubunifu wa watu wanaojua wanachokitaka. Hata zile gia mbili za giaboksi yake, Powerglide: kila kubadili gia ni nafasi ya kupoteza muda au kuvunja kitu.

Yule kijana aliicheka hata injini. Kwa nini mtu achukue ya inchi za ujazo 327, lita 5.3, wakati ipo ya 427? Kwa sababu katika madaraja ya Stock, yale ya magari ya kiwandani, ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, gari hupangwa kwa uzito wake ukigawanywa kwa nguvu inayotambuliwa ya injini. Ile 427 isiyo na supachaja, yaani pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, ilitajwa kuwa na nguvu farasi 425, na 327 yenye supachaja kubwa 550. Mnunuzi alikuwa anachagua daraja la kwenda kupigania, injini ikafuata.

Na jina COPO lina uchungu wake. Fred Gibb, muuza magari wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, Marekani, aliagiza Camaro 50 za toleo la 1969 zenye injini ya ZL1, ile 427 ya alumini, ili zitimie idadi ya kukubaliwa na NHRA. Alumini, pua iwe nyepesi. Bei ikavuka dola 7,200, wateja wakakimbia, nyingi zikarudishwa kiwandani. Kwa jumla zilitengenezwa 69, na hiyo ndiyo maana za 2012 nazo zikawa 69. Mtu aliyethubutu hivyo simcheki.

Benchi lilikuwa upande wa Dodge Demon ya 2018. Haya, sipendi kukiri, lakini nyuma yake inajitegemea na bado hunyanyua matairi ya mbele. Kutumia gesi ya kiyoyozi kupoza hewa inayoingia kwenye injini ni akili kubwa. Nguvu farasi 840, sekunde 9.65, na juu ya hayo ina namba za kutembelea barabarani. Lakini wakati ule NHRA ilitaka gari linaloshuka chini ya sekunde 10 liwe na kizimba cha vyuma cha kumlinda dereva, na Demon ilitoka kiwandani bila hicho kizimba. Umemuuzia mtu mwendo ambao hakuweza kuutumia kihalali mahali palepale ulipopakusudia. COPO ya 2012 haikuruhusiwa kutembea barabarani hata siku moja, na mnunuzi aliambiwa hivyo tangu mwanzo.

Kijana, tafuta video ya COPO ikichomoka, uipunguze kasi. Wote hutazama matairi ya mbele yakipaa. Wewe tazama la nyuma, ubavu wake unavyokunjamana kabla gari halijasogea hata shubiri.