Mshahara wa Mtoto wa Baruti

Agosti 1759, karibu na Lagos (ile ya Ureno, si ya Nigeria), manowari ya Waingereza iitwayo Namur ilipambana na Wafaransa. Kwenye sitaha ya kati alikuwapo Olaudah Equiano, mtumwa wa miaka kama 14. Yeye na mwenzake walipewa kazi ya kupeleka baruti kwenye mzinga wa nyuma kabisa, na kila safari ilimkimbiza karibu urefu wote wa merikebu. Mifuko mingine ya baruti ilikuwa imeoza ikavuja njiani, na tambi za kuwashia mizinga zilikuwa hapo hapo karibu. Cheche moja tu ingetosha.

Hadithi za vita hupenda kuishia hapo: kijana jasiri, moshi, ushindi. Mimi nauliza, mshahara wake alikula nani?

Alikula Michael Henry Pascal, ofisa wa jeshi la majini aliyemnunua. Na mgawo wa ngawira vilevile. Wapo wanaosema manowari ilikuwa shule ya usawa, eti baharini hakuna mweusi wala mweupe. Nakubali nusu: mabaharia walimpenda, wakamfundisha kusoma na kunyoa ndevu. Lakini usawa usiofika kwenye daftari la malipo mimi siuhesabu.

Desemba 1762, vita hiyo na Wafaransa ikielekea ukingoni, walitia nanga Deptford, mtoni Thames. Equiano alikuwa ameshabatizwa, ametumika miaka, akaamini uhuru umefika. Pascal akamsukumia kwenye mashua, akamteremsha mtoni hadi Gravesend, akamwuza kwa nahodha James Doran. Hata koti la Equiano, Pascal alibaki nalo. Waliopiga makasia walikuwa mabaharia wenzake; wengine mikono iliwalegea kwa kutotaka, wakataka kushuka ufukweni, Pascal akakataa. Equiano alipomweleza Doran kwamba sheria haimruhusu mtu kumwuza, akajibiwa kwamba anaongea Kiingereza kupita kiasi.

Akapelekwa Montserrat, kisiwa cha Karibi, akauzwa tena. Mwaka 1766 alijikomboa kwa pauni 40, na humo hamkuwa na hata senti ya manowarini. Alichuma kwa biashara ndogondogo za visiwani, akianza na bilauri moja ya kioo aliyoinunua Sint Eustatius na kuiuza Montserrat maradufu.